Siku niliyonyolewa tena

Ilikuwa wakati wa korona, tulipokuwa tumefungiwa ndani; vinyozi wakaruhusiwa kufungua tena, nami nikaenda.

Foleni ilikuwa nje, kila mtu mbali na mwenzake, barakoa usoni. Mlangoni tulipimwa joto, tukatakasa mikono. Ndani, kiti kimoja kilikaliwa, kilichofuata kiliachwa wazi. Sawa kabisa, maana korona ilikuwa bado inasambaa na wazee wetu walikuwa bado hatarini.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni hiki.

Kinyozi aliponishika kichwa kukiinamisha mbele, machozi yalinilengalenga.

Naishi peke yangu. Tangu tufungiwe ndani, hakuna aliyekuwa amenigusa. Sauti nilizisikia kwenye simu, nyuso niliziona kwenye skrini, lakini mkono wa mtu? Hapana. Vidole viwili tu nyuma ya sikio, na mwili mzima ukalegea.

Naye alinyoa polepole, kimya. Mwishoni akasema, "Ndugu yangu, nilidhani mikono imesahau kazi."

Haijasahau hata kidogo.

Mnaoishi peke yenu, hali zenu? Mlipoanza kutoka wakati ule, mtu wa kwanza kumshika mkono alikuwa nani? Niandikieni, nitawajibu wote.