Mayungiyungi ya Mabamba

Leo nimeamka gizani ili nifike Mabamba, hapa Uganda, kabla jua halijapanda. Wengi huja kwenye kinamasi hiki kumtafuta ndege aitwaye korongo-nyangumi. Mimi nimefuata maua.

Saa moja na nusu tulikuwa majini, katikati ya mafunjo. Mayungiyungi yalikuwa yamejifumba, matumba ya kijani yenye madoa meusi, ncha zake tu zikichungulia juu ya maji.

"Dada, bado yamelala," akaniambia kaka aliyekuwa akipiga kafi. "Subiri kidogo."

Tukasubiri. Nilichagua tumba moja karibu na ubavu wa mtumbwi, sikuondoa macho. Vifuniko vinne vya nje vilitangulia kulegea. Petali zikafuata, polepole hata huoni kitu kikisogea, unashtukia tu pengo limepanuka. Kabla ya saa nne nilikuwa naona moyo wa manjano, na nyuki ameshaingia. Jioni ua hilo litajifumba tena, kesho lichanue, siku tatu au nne hivi, kisha lizame.

Kilichonigusa ni hesabu ya saa. Hapa tupo karibu kabisa na ikweta, mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Sisi tunasema saa moja, Waganda wanasema ssaawa emu, sote tukianzia kwenye mapambazuko. Ua nalo linaanzia hapohapo. Nilijisikia kama nimemkuta ndugu anayehesabu kama mimi.

Ila si mwanga peke yake unaoliamsha. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliufungia gizani mmea wa aina ya kifauongo, ule unaojikunja majani ukiguswa, na majani yakaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku, jua lisiyafikie. Saa imo ndani ya mmea wenyewe. Nimelisoma hilo mara nyingi, lakini sijawahi kuliona kwa macho yangu.

Nina kifauongo kwenye kopo hapa nyumbani Entebbe. Jioni hii, majani yalipokwisha kujikunja kama viganja vya mtu anayeomba dua, nimelifunika kopo kwa ndoo nyeusi na kuziba ukingoni kwa kanga. Kesho saa tatu nitaiinua ndoo, taratibu, nisiguse jani hata moja.