Siku moja maishani mwangu: zamu ya asubuhi, Lamu

Saa kumi na moja alfajiri. Nikishaswali nachungulia bahari kwanza, maana ndiyo inayonipangia mazoezi. Naishi kijiji cha Shela, na hospitali ninakofanya kazi ya uuguzi iko upande wa mjini. Siku za bamvua maji huwa bado yamefunika njia saa hizo, basi napanda boti. Leo yametoka. Nafunga raba, nakaza mwendo ufukweni kwa nusu saa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nikienda na kurudi kwa miguu siku tatu, nimeshazipita. Jimu sijawahi kukanyaga.

Saa moja na nusu tunapokezana zamu, kitanda kwa kitanda.

Saa tatu, kugeuza wagonjwa wasiojiweza. Shuka moja chini ya mgonjwa, wawili wetu kila upande, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka: moja, mbili, tatu! Anayejitia shujaa akainua peke yake, baada ya miaka michache utamkuta na mkanda kiunoni.

Saa nne, chai. Hapa ndipo penye mtihani. Mezani pana viazi karai na mahamri, na chai imeshatiwa sukari huko huko jikoni. Mimi nabeba mbaazi zangu, ndizi na chupa ya chai ya tangawizi. Asubuhi nimempima sukari bibi wa kitanda cha dirishani, nikamsihi aache chai tamu. Akanikazia macho. "Na wewe, mwanangu, yako watia vijiko vingapi?"

"Sitii, bibi."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu asiyesadiki hata kidogo.

Saa sita mpaka saa nane ni mbio tu. Hapo ndipo wengi wetu hatunywi maji, na si kwa kusahau: tunaogopa kwenda chooni wodi ikabaki bila mtu. Katika joto hili la kaskazi, kichwa kinagonga na mkojo unawaka. Mwenzangu na mimi tumekubaliana kushikiana, mmoja akitoka mwingine anabaki. Lakini aliye peke yake na wodi iliyojaa afanyeje? Bango la "kula mboga, kunywa maji" ukutani halimfai kitu. Mpeni mtu wa pili.

Saa kumi naondoka. Nyumbani ni wali kidogo, mchicha wa nazi na changu wa kuchoma.

Saa tatu usiku simu inabaki sebuleni, nami nalala. Wiki ijayo naingia zamu za usiku, ambazo wataalamu wa kimataifa wa saratani waliziweka mwaka 2007 katika orodha ya mambo yanayoelekea kusababisha ugonjwa huo. Kuzikwepa siwezi. Pazia zito nimeshatundika, na kesho nitamwomba mpanga zamu anipe usiku zote mfululizo, kwani kinachonimaliza mimi ni kurukaruka: leo mchana, kesho usiku.