Usingizi Wangu Mzito na Mnada wa Alfajiri

Wanaosema mtu wa usingizi mzito ni mvivu wananiudhi mpaka leo. Nakaanga samaki Mbagala, na anayetaka samaki wazuri wa Feri, soko la samaki la Dar, sharti awahi mnada alfajiri. Ukichelewa unanunua kwa wachuuzi, na faida yote inabaki kwao. Mvivu hasimami mbele ya karai la mafuta kutwa nzima. Alamu ya simu ilikuwa inalia hadi jirani anagonga ukuta, mimi sisikii kitu.

Ushauri niliopewa, jamani! Jirani huyohuyo akaniambia ninywe maji mengi kabla ya kulala, kibofu kitaniamsha. Nikanywa jagi zima. Kweli kikaniamsha, saa 7 usiku. Nikatoka uani gizani, nikarudi, nikasinzia; mara tena, natafuta ndala. Usingizi umekatwakatwa vipande, na ule wa mwisho, uliokuja karibu na saa ya kuamka, ukanibeba mpaka nikasikia watoto wa shule wanapita dirishani. Shangazi yangu, kwa mapenzi yake, akaleta ubani wa kufukiza chumba. Mwingine akasema kahawa jioni, wakati kahawa hukaa mwilini masaa mengi na kuchelewesha usingizi ninaouhitaji.

Kilichonisaidia ni chandarua. Nakichomekea chini ya godoro pande zote, halafu simu naiweka mlangoni, ndani ya sufuria kubwa tupu. Sufuria inavyovuma, hata nyumba ya pili wanajua ni saa 10. Kuizima lazima nichomoe chandarua na kusimama, na nikikiacha wazi mbu wanaingia. Nani atarudi kulala na mbu wa Mbagala? Ninajivunia sana hilo, maana hakuna aliyenifundisha. Mlio nao naubadilisha mara kwa mara, sikio lisije likauzoea.

Nikishasimama nawasha taa papo hapo. Jua la Dar huchomoza mnamo saa 12, kwa hiyo saa 10 mwili bado unajua ni usiku. Mwanga ndio unaouambia kumekucha. Balbu nyeupe niliyonunua Kariakoo ilikuwa kama elfu tatu au nne. Nauli na kanga viwe tayari tangu usiku, kwani dakika za mwanzo kichwa bado kizito na kitakushawishi ujilaze kidogo tu.

Ila sufuria peke yake isingetosha. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7, na ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa 10 unafika saa 3 usiku. Karai la jioni nimemwachia mdogo wangu na tunagawana mauzo. Iliniuma mwanzoni, lakini samaki ninaopata sasa wanalipa.

Na kama unalala masaa ya kutosha bado unaamka umechoka, muulize unayelala naye kama unakoroma na pumzi inakatika. Hapo sufuria haisaidii, nenda hospitali.