Kelele za Tatu Mashariki: siku moja ya mwalimu wa hisabati

Saa kumi na nusu alfajiri simu inalia. Saa moja baadaye nimeshachota maji, nimeoga, nimekunywa chai ya haraka, na niko stejini Kayole, Nairobi. Barabara ya Jogoo ikikubali, ninafika shuleni kabla ya saa moja. Ikikataa, ninasahihisha vitabu mapajani ndani ya matatu. Leo imekubali.

Saa mbili, Kidato cha Nne, vekta. Saa tatu, Gredi ya Kumi, wale wa mtaala mpya. Saa nne, chai na mandazi mawili. Halafu vitabu, vitabu, vitabu hadi githeri ya mchana.

Saa nane ndipo Jumanne yangu inapoanza hasa: vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, Tatu Mashariki, yaani Kidato cha Tatu, mkondo wa Mashariki. Hawa ndio wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. Walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yao, mtihani wa kumaliza sekondari, ni 2027. Mwanafunzi wa darasa hili akitaka kurudia mwaka, hakuna darasa nyuma yake la kumpokea. Hilo huniamsha usiku.

Wako 52 kwenye rejista. Leo wamekuja 49: mmoja anaumwa, wawili wamerudishwa nyumbani karo. Mlangoni kila mmoja anachomoa karata kutoka mkononi mwangu, na wenye namba ileile wanakaa pamoja. Karata 52, namba 13, makundi 13 ya watu wannewanne. Hakuna anayechagua rafiki, wala mimi sichagui nani ni mwerevu. Kila kundi lina kalamu moja tu. Na sheria ya mwisho, wanayoichukia: nikija kuuliza, msemaji ninamtaja mimi. Akishindwa kueleza, ninaondoka, kundi zima linaanza upya.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba makundi ni mapumziko ya mwalimu. Jumapili usiku nilikata maboksi ya sabuni hadi vidole vikavimba: kwa kila kundi mraba mmoja na mistatili miwili. Mambo haya niliyapata kwenye mafunzo ya CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, pale Karen. Yana mizizi katika SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Wajapani, na msimamo wake ni kwamba mtoto lazima ashike kitu, na kama kifaa hakipo mwalimu akibuni. Nami ninauamini.

Ubaoni ninaandika x² + 10x = 39. Ninawaambia kwamba mlinganyo huu ni wa al-Khwarizmi wa Baghdad, miaka 1,200 iliyopita, na kwamba neno aljebra limetoka kwenye al-jabr, mzizi mmoja na jabari letu. Kazi yao ni kukamilisha mraba kwa vipande vya boksi (mraba ni x², kila mstatili ni 5x), kisha wanieleze kila namba imetoka wapi.

Kundi la saba lina mvulana anayeongoza darasa. Dakika mbili hazijaisha, ameandika x = 3, wenzake wananakili. Ninamtaja msichana aliye kando yake. Mwaka mzima huu sijamsikia akijibu swali.

"Hapa mmeongeza 25. Kwa nini 25?"

Kimya. Ninaondoka. Nyuma yangu mvulana analalamika, "Mwalimu, si jibu tunalo?"

Narudi mara ya pili. Msichana ananikariria: nusu ya kumi ni tano, tano mara tano ni 25. Kweli, lakini kwa nini? Naondoka tena. Sasa amekasirika, wenzake wamemkasirikia, na makundi mengine 12 yanabishana kwa sauti. Ndipo yule msichana anauvuta mraba wa boksi, anapachika mstatili mmoja kulia na mwingine chini, anaweka kidole pale panapobaki.

"Hii kona haina kitu," anasema. "Baba yangu ni fundi wa vigae. Kona ikibaki hivi, unahesabu vinavyokosa..."

Mlango unafunguliwa. Naibu wa mwalimu mkuu.

"Darasa hili lina mwalimu?"

Wote 49 wananyamaza. Msichana anaurudisha mkono mapajani. Ninatoka na naibu hadi veranda na kuanza kueleza, kwa heshima, kwamba hawapigi kelele, wanafanya hesabu. Anasema darasa la jirani linalalamika. Anasema silabasi haimalizwi kwa maboksi. Anauliza habari za karata: karata, shuleni? Ninaeleza tena. Anatazama saa yake, nami ninatazama yangu. Dakika tisa zimekwenda, na dakika hizo hakuna atakayenirudishia. Namwelewa pia, wazazi humuuliza yeye alama, si mimi. Lakini angesubiri. Sentensi moja tu, angesubiri msichana amalize.

Nikirudi, darasa limepoa kama chai ya jana. Ninapiga magoti kando ya meza ya kundi la saba. "Baba anahesabu vinavyokosa. Endelea."

Anachelewa. Nasubiri. Magoti yanauma, nasubiri.

"Upande huu ni tano, na huu ni tano. Vinakosa 25. Tukiweka, mraba unajaa. Na kule tuliongeza 25, 39 ikawa 64. Basi upande mzima ni nane."

Mvulana ameacha kununa. Anaangalia boksi, anaangalia daftari. "Lakini 64 ni pia hasi nane mara hasi nane," anasema polepole. "Basi x ni hasi 13 pia. Mbona kwenye boksi haipo?"

Msichana anageuza vipande huku na huku. Haipo. Upande wa mraba hauwezi kuwa hasi. Al-Khwarizmi naye hakuihesabu, KCSE inaitaka. Wanaijaribu: 169 toa 130, 39. Inakubali. Sasa kundi zima limeinamia meza, na kelele zimerudi, na sizizimi.

Baada ya hapo sijui saa zilivyopita. Michezo, rejista, mkutano wa idara, foleni ya matatu, mvua.

Usiku. Mtoto wangu amelala. Nina mkasi, gundi, na boksi la mwisho, kwa sababu kesho nao ni x² − 6x = 16, na kutoa si kama kuongeza: ukikata ukanda wa tatu kulia na mwingine chini, kona ile ile unaikata mara mbili, kwa hiyo lazima uirudishe mara moja. Nimekata vibaya vipande viwili. Kundi la saba wataniuliza, nina hakika. Ninaanza cha tatu.