Nilivyozitengea rekodi za kamera nafasi kwenye diski

Kompyuta yenyewe inarekodi kamera 4 za duka la vifaa vya ujenzi: Linux, diski ya TB 1 yenye ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski). Jumatatu asubuhi mwenye duka akanipigia, "Fundi, mbona Jumapili haipo?" Kweli haikuwepo. Kijana wa kaunta alikuwa amejaza filamu zake humohumo, diski ikafurika, na programu niliyoiandika ikafa kimyakimya.

Nikafuta filamu, nikaamua rekodi zitengewe nafasi mapema: mafaili 880 ya GB 1, yanazunguka, la zamani zaidi linaandikwa upya. Nikapiga amri ya truncate -s 1G, inayolipa faili ukubwa unaoutaja. Kufumba na kufumbua yote yakawa tayari, ls, amri ya kuorodhesha mafaili, inaonyesha GB 1 kila moja. Nilifurahi kijinga. Kuja kupiga du, inayopima nafasi iliyoshikwa kweli, sifuri. Truncate imeandika ukubwa tu, bloku (kipande cha nafasi ya diski) hata moja haijashikwa. Ni kama una hati ya kiwanja lakini bikoni hazijapigwa. Jirani anaendelea kulima mahindi yake.

Nikahamia fallocate -l 1G, amri ya kulitengea faili nafasi. Nayo ni ya haraka hivyohivyo, ndiyo maana sikuiamini, ila safari hii df, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, ilionyesha inapungua kweli. Hapo ext4 inazishika bloku zenyewe na kuzitia alama kwamba hazijaandikwa. Ukizisoma unapata sifuri, si mabaki ya faili lililofutwa. Kujaza sifuri zote hizo kwa dd, amri ya kunakili data moja kwa moja, kungekula zaidi ya saa mbili.

Mafaili ya mwisho yakagoma: diski imejaa. Kumbe ext4 humwekea root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, asilimia 5, hapa karibu GB 46. Kwenye diski ya mfumo nisingeigusa, lakini hii ni ya rekodi tupu, nikashusha hadi asilimia 1 kwa tune2fs -m 1.

Kesho yake nafasi ikaanza kurudi. Nilikuna kichwa mpaka mchana. Programu ilikuwa inafungua faili kwa "wb", hali ya kuandika upya, na "wb" hulikata faili hadi sifuri kabla hujaandika chochote! Kila zamu nilikuwa narudisha mwenyewe bloku nilizozitenga. Nikaweka "r+b", inayoandika juu ya yaliyomo bila kulikata faili.

Faida nyingine: mafaili ya zamani filefrag, amri ya kuhesabu vipande vya faili kwenye diski, iliyaonyesha mamia ya vipande, maana kamera zote ziliandika kwa pamoja. Haya mapya hayafiki kumi.

Wiki iliyofuata kijana akanilalamikia kuwa kompyuta inakataa filamu. Nikamwambia anunue flashi.