Kichwa cha mwenye biashara ndogo, na ninavyokituliza

Nina karakana ndogo ya kushona nguo. Mafundi ni wawili, mimi wa tatu, na mimi huyo huyo ndiye mnunuzi wa vitambaa, mpokea simu, mdai wa madeni, mfagiaji na, mambo yakiharibika, wa kulaumiwa. Aliyeajiriwa akielemewa humlalamikia bosi. Mimi nikielemewa nimlalamikie nani?

Ushauri niliopewa tangu naanza ulikuwa wa aina moja: usikate tamaa, fikiria mazuri, riziki ipo. Sina ugomvi nao, wanaousema wananitakia heri. Ila haukuwahi kunifaa saa tisa usiku, nikiwa macho, nikijumlisha kodi ya chumba na mishahara kichwani, na hesabu inakataa kukaa. Kilichonifaa ni kitu kikavu zaidi, tena kisichopendeza kukisimulia. Nilihitaji kujua hasa nina nini, nadai nini na nadaiwa nini.

Wengi hudhani hofu ya mfanyabiashara ni kukosa wateja. Yangu haikuwa hiyo. Kuna misimu ambayo kazi zilijaa hadi vitambaa vikalala chini ya meza, na bado droo ilikuwa tupu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna uchawi wala mwizi. Kitambaa unalipia leo. Mafundi unawalipa mwisho wa mwezi. Mteja wa oda kubwa, taasisi kwa mfano, anakulipa siku 30 au 60 baada ya kupokea mzigo, na pengine hapo ni baada ya kukumbushwa. Kwenye makaratasi una faida, mkononi huna kitu. Na kadiri oda inavyokuwa kubwa ndivyo unavyozidi kugharimia kazi ya mtu mwingine kwa fedha yako. Biashara inaweza kufa huku inakua, na mwenyewe akawa anapongezwa.

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kwamba na usingizi hupotea vilevile. Kila jioni kabla ya kufunga naandika kiasi kilichopo, yaani cha droo, cha simu na cha benki kwa pamoja, halafu ninachodai, halafu ninachodaiwa. Ijumaa nafungua ukurasa wa pili wenye wiki nane zijazo, nikiandika kila wiki kinachotarajiwa kuingia na kinachotakiwa kutoka. Upande wa kuingia siandiki matumaini. Naandika kile tu ambacho mteja ametaja tarehe ya kukilipa, tena nakisogeza wiki moja mbele kwa sababu nawajua binadamu. Mtawa wa Kitaliano, Luca Pacioli, alichapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyokuwa wakiandika kila muamala mara mbili, wa kutoka na wa kuingia, ili hesabu zijikague zenyewe. Daftari langu halijafika huko. Lakini likinionyesha kwamba wiki ya tano itapungukiwa, nina mwezi mzima wa kutafuta njia, badala ya kushtukia upungufu asubuhi ya siku ya mishahara. Kwa mtu wa hofu kama mimi, mwezi huo mmoja unatosha kurudisha usingizi.

Kujua ninachodai ni rahisi, kazi ni kukidai. Nilikuwa naona aibu, kana kwamba naomba fedha ya mtu. Nikajiwekea siku ya kudai, Alhamisi, ili nisilibebe jambo hili wiki nzima kila ninapoona jina la mdaiwa kwenye simu. Siku hiyo napiga, siandiki ujumbe. Nasalimia, nauliza hali, kisha naingia kwenye hoja bila kuzunguka: “Dada, koti lako liko tayari tangu wiki iliyopita. Salio unaleta lini?” Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, maana ulimi unawasha kusema “lakini usijali, wakati wowote tu”. Ukisema hivyo umejifutia deni mwenyewe. Akitaja tarehe naiandika nikiwa naye hewani, na namrudia tarehe hiyo kwa sauti. Kwa oda mpya nachukua nusu ya malipo kabla mkasi haujagusa kitambaa, hata kwa rafiki. Wapo waliokasirika wakaenda kwingine. Ukiniuliza, hao wangekuwa majina kwenye orodha ya Alhamisi.

Hesabu ikikaa sawa bado kuna moyo, nao hauna haki hata kidogo. Mteja mmoja alirudisha gauni lililofumuka ubavuni siku ya kwanza kulivaa. Alikuja nalo amelikunja ndani ya mfuko, akaliweka mezani bila kuketi. “Fundi, hii ndiyo kazi?” Asubuhi hiyo hiyo watu wengine walikuwa wamechukua nguo zao wakaondoka wanatabasamu, na sura zao sikumbuki hata moja. Ya huyu naikumbuka mpaka hereni. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu zaidi kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na mwaka 1992 wakakadiria kwamba uzito wake ni zaidi kidogo ya mara mbili. Kichwa changu basi ni mizani iliyolemea upande mmoja tangu kiwandani, na kuiambia ijisawazishe kwa maneno matamu ni kujichosha.

Ninachofanya ni kuigeuza lawama kuwa kazi, haraka, kabla haijawa hadithi juu yangu. Gauni lile nililigeuza ndani nje, nikaushika mshono pande zote mbili kwa vidole gumba na kuuvuta. Kitambaa kilikuwa kizima, matundu ya sindano hayajapanuka, ila uzi ulikatika bila ubishi. Nikachukua kipande cha uzi uleule uliobaki mezani, nikauvuta mikononi, nao ukakatika vilevile. Shida ilikuwa uzi niliouziwa. “Samahani dada, keti tafadhali. Nakushonea sasa hivi kwa uzi mwingine, na hulipi kitu.” Alipoondoka nilitoa kila nguo iliyoshonwa kwa uzi ule na ikawa bado haijachukuliwa, tukairudia mishono, kisha wale waliokwisha kuchukua zao nikawapigia mmoja mmoja. Siku ikapotea, hilo sikatai. Lakini jioni sikuwa na donge kooni. Tangu hapo kila lawama naiandikia daftarini kilichotokea na kitakachofanyika, pamoja na tarehe. Ikishafanyika naipiga mstari. Lawama isiyo na cha kufanya, kama ya yule aliyeniambia rangi aliyoichagua mwenyewe haimpendezi, nayo naipiga mstari papo hapo.

Upande wa umakini adui yangu anajulikana, na analala kwenye mfuko wa kila mtu. Simu ndiyo mlango wa biashara yangu. Oda zinaingia humo, picha za mitindo zinaingia humo, na wateja hutaka kujibiwa dakika hiyo hiyo. Sasa kukata kitambaa hakuna kurudi nyuma, mkasi ukishapita umepita. Nimekwisha kuona fundi hodari akichukua vipimo vya mtu mmoja na kukatia kitambaa cha mwingine kwa sababu aliinuka katikati kujibu ujumbe mfupi tu. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kuifunga ya kwanza, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na hiyo ya pili anaifanya akiwa nusu. Nikiwa na mkasi mkononi, nusu yangu haitoshi.

Kwa hiyo ukataji wote tumeuhamishia asubuhi, saa mbili hadi saa nne na nusu, simu zikiwa kwenye droo ya chumba cha nyuma. Ujumbe najibu saa tano na tena saa kumi, na maneno hayo yameandikwa pale mteja anapoanza kunitumia ujumbe ili asidhani nimemdharau. Mwanzoni mikono ilikuwa inaelekea mfukoni yenyewe, kama mvutaji aliyeacha sigara juzi. Wateja wa haraka wachache walikwenda kwa wanaojibu upesi, nami nikawaacha waende. Waliobaki wamezoea, na nguo za kurudia kwa kosa la kipimo zimepungua sana, jambo ambalo ni fedha kabisa, si starehe ya roho tu.

Kufunga karakana jioni ni jambo moja, kichwa kufunga ni jambo jingine. Kazi ambazo hazijakamilika zilikuwa zinanifuata mezani wakati wa kula na kitandani wakati wa kulala. Hapa utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa mwaka 2011 ulinifaa kuliko dua zote za usingizi nilizoelekezwa. Walikuta kwamba lengo ambalo halijatimizwa huendelea kuisumbua akili, lakini mtu akishapanga kwa undani lini na vipi atalishughulikia, usumbufu unapungua hata kabla hajalitimiza. Kumbe kichwa hakidai kazi iishe. Kinadai kuhakikishiwa kwamba haitasahaulika. Basi kabla ya kuzima taa naandika kazi ya kwanza ya kesho, ikiwa na hatua yake ya mwanzo: “Saa mbili, kata mikono ya makoti ya oda ya ofisi, kitambaa kiko rafu ya juu.” Siandiki “makoti” peke yake. Neno moja halimtulizi mtu.

Kuna desturi nyingine niliyoiacha, nayo ni kuota mchana. Nilikuwa nikikaa na kujiona nina jengo, mashine zimejipanga, jina langu juu ya mlango. Raha yake ni ya kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza hili kwa miaka mingi. Katika utafiti aliouchapisha na Doris Mayer mwaka 2002, wahitimu waliojifurahisha zaidi kwa ndoto za kupata kazi ndio waliokuja kupata nafasi chache na mishahara midogo zaidi. Wale waliotarajia tu kwamba watafanikiwa, bila kujizamisha kwenye ndoto, walifanya vizuri. Anachopendekeza yeye ni kuiweka ndoto kando ya kizuizi chake, kisha kuamua mapema kizuizi kikitokea utafanya nini. Kizuizi changu msimu wa kazi chache si soko. Ni kwamba naona haya kuwatafuta wateja wa zamani, naona kama najipendekeza. Sentensi yangu imebandikwa juu ya cherehani: nikifika Jumatatu na hakuna oda mezani, nawapigia wateja watatu wa zamani kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi wawili hawana haja. Wa tatu hukumbuka suruali ya kupunguzwa kiuno, na asubuhi inaanza.

Mshahara wangu nimeuweka kama wa fundi yeyote, mdogo na wa tarehe maalumu, na fedha ya nyumbani haichotwi tena kwenye droo. Hilo halina hadithi ndefu, ila limeondoa ugomvi mwingi.

Ninaye pia rafiki mwenye karakana ya useremala. Tunaonana kila wiki, na sheria aliyoniwekea ni kali. Nikianza “ndugu yangu, biashara mbaya”, ananikata: “Usinipe kilio, nipe tarakimu. Mbaya kiasi gani?” Nikimpa tarakimu, mara nyingine anacheka kwa sababu zake ni mbaya zaidi, mara nyingine anaacha kucheka na tunakaa chini kuangalia gharama moja moja. Watu wa nyumbani wanipende na wanifariji, lakini mambo ya biashara nayahitaji kwa mtu anayejua maana ya kulipa mishahara. Aliwahi pia kuniambia jambo lisilo la biashara kabisa: nilipopitisha wiki nikiwa silali hata pale daftari lilipokuwa zuri, chakula hakina ladha na kazi ninayoipenda nimeichukia, alisema hapo si pa kupangia ratiba, hapo ni pa kumwona daktari. Nilikwenda, na namshukuru. Mwenye biashara huwa tayari kumwita fundi wa mashine siku ileile cherehani inapoanza kugonga, lakini mwili wake mwenyewe huuacha ugonge mwaka mzima.

Wanaohubiri matumaini huwa hawataji lini uache. Mimi nimeandika. Nikiwa nimetulia, msimu mzuri, niliandika kwa kila aina ya bidhaa kiwango cha mauzo ambacho ikishuka chini yake kwa miezi mitatu mfululizo naiachia, na nakala akabaki nayo yule seremala ili nisije nikajibadilishia masharti. Niliipenda sana mikoba ya ngozi. Wateja waliisifu, waliipiga picha, hawakuinunua. Mwezi wa tatu ulipoisha alinitumia ukurasa wangu mwenyewe bila neno la ziada. Fundi aliyekuwa akiishona nikamhamishia makoti, na ngozi iliyobaki niliiuza kwa hasara siku ileile, kabla sijapata nafasi ya kujionea huruma.