Gari la nyuma halikwambii kitu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi wa giaboksi, na zilizonisikitisha kuliko zote ni za magari yaliyoharibika yakivutwa, si yakiendeshwa. Mwenyewe yuko mbele kwenye motohomu, lile gari-nyumba la kusafiria na kulala, amestarehe, gari lake dogo linamfuata nyuma mchana kutwa. Anafika, analifungua, analiwasha, anatia gia. Injini inanguruma lakini gari halisogei. Ukishusha giaboksi unakuta klachi za ndani zimekuwa nyeusi tititi na oili imeungua. Njia nzima hakusikia kitu.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kuvuta gari nyuma ya motohomu. Motohomu kubwa inaweza kuzidi tani 10, gari la nyuma lina moja na nusu hivi. Likipata pancha, likisahauliwa na handibreki juu, au breki zake zikishika, dereva kule mbele hahisi mtikisiko wala uzito. Tairi linaviringika bila upepo hadi linasagika, rimu inakwaruza lami, na aliye mbele bado anazungumza na mwenzake kuhusu mahali pa kulala. Mimi na mke wangu, tangu tuanze safari hizi baada ya kustaafu, huwa tunajiuliza jambo moja kabla ya mengine yote: gari la nyuma likipata shida, tutajuaje?

Ila kwanza ujue kama gari lako linaruhusiwa kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Wengi huniambia, "Fundi, si naweka fri tu?" Hapana. Kwenye giaboksi nyingi za otomatiki pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo imesimama. Magurudumu yakiendelea kuzunguka yanazungusha shafti ya kutokea, pamoja na gia na beringi zinazoifuata, na hakuna oili inayosukumwa kwenda huko. Kilomita chache za polepole gari linaweza kuvumilia. Mwendo wa barabara kuu, saa baada ya saa, haliwezi. Giaboksi nyingi za manyuali zina nafuu, maana gia zake hujichotea oili zinapozunguka ndani yake, lakini hata hizo si zote. Inategemea ni shafti ipi inayozunguka na ni gia zipi zilizozama.

Kwa hiyo kisikilize kitabu cha gari, cha mwaka wa gari lako hasa. Honda CR-V zilizouzwa Marekani hadi za mwaka 2014 zilikuwa na ruhusa ya kuvutwa hivi, kwa utaratibu wake: unawasha injini, unapitisha gia, unaishia fri na kuiacha injini ingurume kwa dakika 3, kisha unaizima kabla ya kuondoka. Mwaka 2015 zikaja na giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za ngazi, ruhusa ikaondoka. Jina ni lile lile, umbo karibu lile lile, na anayenunua kwa kuangalia jina ataichoma giaboksi yake. Jeep Wrangler nayo ina kisanduku cha kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na hicho ndicho kinachowekwa fri. Giaboksi yenyewe, kama ni ya otomatiki, inabaki kwenye P, ile ya kuegesha. Nimeshawaona watu wakishangaa kusikia hivyo, kwa kuwa kichwani mwao P ni kufunga magurudumu. Kisanduku kikiwa fri, magurudumu hayana mawasiliano tena na giaboksi.

Magari mengi ya umeme hayafai kuvutwa hivyo kabisa. Mota yake imefungamana na magurudumu, na ikizungushwa kwa nguvu inazalisha umeme na joto visivyotakiwa. Lipandishe lote kwenye trela. Kile kigari cha magurudumu mawili kinachobeba upande wa mbele tu kinafaa kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Kama yale ya nyuma nayo yanaendeshwa na giaboksi, umerudi kwenye tatizo lile lile.

Uzito sitauzungumzia sana, ingawa ni wa lazima. Motohomu ina kikomo cha uzito wake na cha msafara mzima, na vikomo hivyo ni pamoja na maji, gesi, vitabu vya mke wangu na vifaa vyangu vya ufundi. Nenda kwenye mizani ukiwa umepakia vyote, usikadirie. Kisha angalia kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye ndoano, kwenye kishikio chake na kwenye nondo ya kuvutia. Ile ndogo kuliko zote ndiyo nambari yako. Nondo nayo ilale sawasawa. Watengenezaji wengi wanakubali tofauti isiyozidi sentimita 7 au 8 kati ya ncha mbili. Ikiinama zaidi ya hapo, ukifunga breki gari dogo linaweza kusukumwa juu ya bampa au chini yake.

Sasa breki. Hapa sina mjadala na mtu. Sheria zinatofautiana nchi hadi nchi. Uingereza, kwa mfano, gari linalovutwa kwa nondo huhesabiwa kuwa trela, na trela inayozidi kilo 750 lazima iwe na breki. Mimi nasema weka breki hata pale sheria imenyamaza. Gari la kilo 1,500 kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara mbili na robo ya ile lililo nayo kwenye kilomita 60. Nguvu hiyo yote, gari la nyuma lisipojisimamisha lenyewe, inamalizwa na breki za motohomu peke yake, na kwenye mteremko mrefu breki hizo zina kazi yake ya kutosha tayari.

Kuna vifaa vya kuweka kwenye sakafu ya dereva vinavyokanyaga pedeli, na kuna vya kufungwa moja kwa moja. Chochote utakachochagua, kumbuka busta ya breki, ile inayoongezea mguu nguvu kwa utupu, haifanyi kazi kawaida injini ikiwa imezimwa, na ndiyo maana vifaa vingi vya kukanyaga hutaka upige pedeli mara kadhaa kumaliza utupu uliobaki ndani ya busta kabla ya kukifunga na kukipima. Usipofanya hivyo kipimo chako cha kwanza ni cha uongo. Haibridi nyingi, zile za petroli na umeme pamoja, zina breki za namna nyingine, nazo zinahitaji kifaa chao. Na usikubali mfumo usiowasha taa mbele ya dereva kila pedeli ya nyuma inapokanyagwa. Kifaa kikikaza, breki zitakokotwa hadi pedi zishike moto, na bila taa ile utakuwa wa mwisho kujua.

Ule waya mwembamba wa dharura, unaofunga breki za gari dogo likichomoka, ufungwe kwenye chesisi ya motohomu yenyewe. Nimekuta umefungwa kwenye nondo. Nondo ikichomoka na waya umechomoka nayo, hakuna kilichovutwa. Minyororo ya usalama ipishane chini ya nondo, iwe mirefu ya kutosha kona bila kuburuta lami.

Kuunganisha nafanya peke yangu, kimya. Mtu akija kunisalimia naitikia, nasimama, na akiondoka naanza upya tangu pini ya kwanza. Nikimaliza, mke wangu anapita na orodha yake, akianzia upande wa pili: pini zimefungwa, gia mahali pake, handibreki chini, usukani uko huru, taa za breki na indiketa zinafuata za mbele. Halafu nasogea polepole hata mikono miwili ya nondo, inayorefuka na kufupika, ijifunge, naye akitazama magurudumu yote manne. Lazima ayaone yanazunguka. Hilo peke yake lingeokoa giaboksi nyingi zilizopita mikononi mwangu, na matairi mengi pia.

Baada ya kilomita chache tunasimama tena. Napeleka kiganja karibu na kila habu, kile kitovu cha gurudumu, bila kugusa kwanza. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna breki inayoshika au beringi inayokufa, na safari inasubiri. Kwenye kila tairi la gari dogo kuna kihisio cha upepo kinachosomeka mbele, na kamera ya nyuma haizimwi. Kama ni lazima kununua kimoja kabla ya kingine, anza na vihisio, kwa sababu kamera inahitaji jicho na jicho liko barabarani.

Usirudi nyuma. Wengine watakuambia mita mbili tatu hazina shida, mimi nasema hata hizo uziache. Magurudumu ya mbele ya gari dogo yamepangwa yajinyooshe yakivutwa kwenda mbele. Ukiyasukuma kinyume yanakata kona yenyewe hadi mwisho, gari linakaa mshazari, na nguvu yote inaishia kwenye mikono ya nondo. Chuma hupinda bila kelele utakayoisikia ukiwa mbele. Ukiingia mahali ambapo huwezi kugeuza, shuka ufungue gari, hata kama wanaokufuata wanapiga honi.

Kufungua nako kunataka mahali palipo sawa na palipo nyooka. Ukifungua kwenye kona, mikono inakaza na pini haitoki. Usiichukulie nyundo. Weka choki kwenye magurudumu ya motohomu, mwenzako aingie kwenye gari dogo, aliwashe, alisogeze kidogo sana mbele au nyuma hadi uone mkono umelegea, kisha avute handibreki. Pini itatoka kwa vidole.